Fremu ya kioo imefunguka kona: nitumie kiungo gani?

Swali la msomaji, kwa kifupi: "Nilitengeneza fremu ya mbao ya kioo cha ukutani, sentimita 60 kwa 90 kwa nje. Mbao zina unene wa milimita 20 na upana wa milimita 45. Kona nilikata digrii 45, nikapaka gundi nyeupe ya mbao na kupiga misumari miwili kila kona. Ilipendeza mno. Baada ya miezi mitatu hivi kona zote nne zimeachana upande wa ndani, na ile ya chini kushoto naweza kuingiza ukucha. Nataka kuanza upya. Nichague kiungo gani? Nina msumeno wa mkono, patasi mbili, drili na skwea. Mashine sina."

Ndugu yangu, hapo uliposema kona zimeachana kwa ndani pamenieleza karibu kila kitu. Ungekuwa umekata vibaya, kona moja ingefunguka nje, nyingine ndani, na ungeyaona hayo siku ile ile ya kuunga. Zako zilifunga vizuri, kisha zikafunguka zote nne kwa namna moja. Hapo msumeno wako hauna kosa. Mbao ndiyo iliyokauka.

Mbao ikikauka hukonda, lakini haifupiki. Kutoka hali ya ubichi hadi kukauka kabisa, ubao unaweza kupoteza asilimia 4 hadi 8 ya upana wake, kutegemea aina ya mti na jinsi gogo lilivyopasuliwa. Urefu wake hupungua kwa asilimia 0.1 au 0.2 tu, kiasi ambacho futi yako haitakionyesha. Sasa chukua kipande chako cha milimita 45. Tuseme ulikinunua kikiwa na unyevu wa asilimia 20, kikakaa ndani ya nyumba mpaka kikafika asilimia 12. Upana unaweza kupungua kwa asilimia 2 hivi, yaani milimita 0.9. Unaonekana upungufu mdogo, lakini ile pembe ya digrii 45 uliyoikata imebadilika, kwa sababu upana umepungua na urefu umebaki vilevile. Ncha za nje bado zinagusana, ila kwa ndani vipande viwili vimesogea mbali kwa milimita 1.3 hivi. Ndipo ukucha wako unapoingia. Ukichukua fremu hiyo hiyo ukaiweka mahali penye unyevu mwingi, mbao zitavimba na ufa utahamia nje, kwenye ncha.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia kiungo, tuzungumzie mbao. Nunua mbao zilizokauka, kisha uzilete ndani ya nyumba fremu itakapokaa, uzipange kwa vijiti katikati ili hewa ipite kila upande, uziache wiki mbili au tatu. Kama unaweza kuacha zaidi, acha. Wengi wanaoniletea kazi zilizofunguka hawakufanya hivi, na kiungo kizuri kiasi gani hakiwezi kuwasaidia sana.

Sasa kona yenyewe.

Watu wengi huchagua kiungo kwa kutazama sura. Mimi naomba uchague kwa kujiuliza maswali mawili: gundi inashika wapi, na kona hii itasukumwa upande gani?

Tuanze na gundi. Mbao ni nyuzi zilizolala pamoja kwa urefu, na ndani yake mna vitundu vinavyofuata nyuzi hizo. Ukipaka gundi ubavuni, inakaa juu, inashika nyuzi kwa urefu wake, na kiungo cha namna hiyo kikivunjwa mara nyingi mbao hupasuka kabla gundi haijaachia. Ukipaka kwenye kichwa cha ubao, pale palipokatwa kukingama nyuzi, vitundu vinainywa gundi. Unapaka, unageuka kuchukua kipande cha pili, ukirudi pameshakauka kama hapakupakwa kitu. Kona ya digrii 45 iko katikati ya hizo mbili, lakini tabia yake inaegemea zaidi kwenye kichwa.

Halafu kuna ukubwa wa eneo la kushikana. Nimekupigia hesabu kwa mbao zako mwenyewe. Ukiunga kichwa kwa ubavu, yaani kipande kimoja kikomee ubavuni mwa kingine, mnagusana milimita 20 kwa 45, sawa na milimita za mraba 900. Ukikata digrii 45, mkato unakuwa mrefu kidogo na unapata kama 1,270. Ukitumia nusu kwa nusu, ambapo kila kipande kinatolewa nusu ya unene wake na vinalaliana, uso mmoja wa milimita 45 kwa 45 unakupa 2,025, tena ubavu kwa ubavu, mahali gundi inapopenda. Ukitengeneza ulimi unaoingia kwenye panda, yaani kichwa cha kipande kimoja kikachongwa chembamba kikaingia kati ya meno mawili ya mwenzake, unapata nyuso mbili za aina hiyo: 4,050. Kwa mbao zile zile na gundi ile ile, kona moja ina eneo zaidi ya mara nne ya nyingine.

Swali la pili ni la msukumo. Ni nadra kona ya fremu kuvunjika kwa kuvutwa moja kwa moja. Huvunjika kwa kupindwa, fremu inapotaka kulala kama msambamba. Mwimo wako, yaani kipande cha kusimama, wa sentimita 90 ni wenzo. Mtu akiukamata kwa juu akausukuma kwa nguvu ya kilo 5, chini kwenye kona yenye upana wa milimita 45 nguvu hiyo inakuzwa si chini ya mara 20. Hiyo ni kama kilo 100 zinazojaribu kuipanua kona. Misumari miwili iliyoingia kwenye kichwa cha ubao, kwa kufuata nyuzi, haiwezi kuhimili hilo. Inateleza nje taratibu kama kisu kinavyotoka kwenye ala.

Kwa fremu yako, kwa vifaa ulivyo navyo, jibu langu ni nusu kwa nusu, na sina wasiwasi nalo hata kidogo. Kina nguvu inayotosha, kinajishikia pembe mraba chenyewe kwa sababu kina bega la kuegemea, yaani ukuta mdogo unaobaki pale sehemu iliyochongwa inapoishia, na kinahitaji msumeno na patasi tu. Kwa mbele utaona mstari mmoja mnyoofu mahali kipande cha kulala kinapokutana na mwimo. Mbao zikikonda tena kidogo, huenda mstari huo ukaonekana zaidi, lakini utabaki sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, haupanuki kama ufa wa digrii 45, na nyuma yake kona imeshikana. Angalizo moja: nyuzi za vipande viwili zinapishana, na kila kimoja kinataka kukonda upande wake. Kwa upana wa milimita 45 hilo halina madhara. Mbao zikifika milimita 100 au zaidi, usitegemee nusu kwa nusu ya gundi peke yake.

Sasa nikuonyeshe mahali watu wanapokosea, maana kiungo hiki ni rahisi ila kina siri yake. Siri ni kupima kutoka uso mmoja.

Chagua uso mzuri wa kila kipande, huo ndio utakaotazama mbele, uutie alama ya penseli. Weka geji yako ya kuchorea, kile kifaa cha kuchora mstari sambamba na ukingo, kwenye milimita 10. Kama huna geji, piga msumari mwembamba kwenye kipande cha ubao, ncha itokeze kidogo, ukiwa umepima umbali kutoka ukingoni. Sasa chora mstari kwenye mbavu na vichwa vya vipande vyote vinne, na kila mara geji iegemee ule uso wenye alama. Usigeuze hata mara moja. Kwenye miimo utaondoa sehemu ya nyuma ya mstari, na kwenye vipande vya kulala utaondoa sehemu ya mbele. Ukifanya hivi, hata kama mbao moja ni milimita 20 na nyingine 21, kwa mbele zitalingana kabisa, na tofauti itajificha nyuma. Anayepima nusu ya kila ubao kwa kutumia futi hupata ngazi kwenye kila kona, kisha anamaliza siku nzima na msasa.

Upana wa kiungo pia usiupime kwa futi. Weka kipande chenyewe juu ya mwenzake, ukikaze kwa skwea, uchore bega kwa kisu chenye ncha kali badala ya penseli. Kisu kinakata nyuzi za juu, hivyo msumeno ukipita hauchani ukingo. Acha milimita 2 au 3 zizidi kwenye kila ncha. Utazipiga randa gundi ikishakauka.

Kukata, anza na bega. Weka msumeno upande wa taka, uguse mstari wa kisu bila kuula, ushuke hadi mstari wa geji. Kisha kata mikato mingine sambamba, kila milimita 5 hivi, kutoka kwenye bega hadi kichwani, yote ifike karibu na mstari bila kuupita. Sasa chukua patasi pana, gonga ubavuni, na vile vipande vyembamba vitabanduka kimoja kimoja kama vipande vya mkate. Malizia kwa kusukuma patasi kwa mkono, ikilala bapa, kutoka ubavu mmoja hadi katikati, kisha kutoka ubavu wa pili hadi katikati. Ukisukuma moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi wa pili utang'oa ukingo wa mwisho, na hapo ndipo jicho la mtu litakapotua daima. Weka ukingo wa skwea juu ya sehemu uliyochonga, uitazame kwenye mwanga. Mwanga ukipita pembeni, katikati pamevimba, ondoa kidogo. Katikati pakiwa pamebonyea kwa unene wa karatasi, acha. Kilicho muhimu ni kingo zikutane.

Jaribu kwanza kwenye vipande viwili vya taka. Nasema hili kwa moyo wangu wote, hasa kwa mtu anayeanza. Kiungo cha kwanza kitakuwa kibaya, cha tatu kitakuwa kizuri, na ni bora kile kibaya kisiwe kwenye fremu yako.

Unganisha vyote bila gundi kwanza. Zikikaa sawa, paka gundi nyuso zote mbili za kila kiungo, pamoja na bega, ulaze fremu juu ya meza iliyo bapa, kisha upime milalo miwili kutoka kona hadi kona. Kwa fremu ya milimita 600 kwa 900 kila mlalo unapaswa kuwa kama milimita 1,082, ila zile ncha ulizozidisha zitaongeza kidogo, hivyo namba yenyewe isikusumbue. Tazama kama milalo miwili inalingana. Ukiwa mmoja ni mrefu, usukume huo kwa ndani mpaka ilingane. Kaza klampu moja kila kona, ukitanguliza kipande cha taka na karatasi ya nailoni ili visigandane. Huna klampu? Weka ubao juu ya kona na jiwe zito juu ya ubao. Gundi nyeupe ya kawaida hushika vya kutosha kuondoa klampu baada ya saa moja hivi, lakini fremu usiifanyie kazi ya nguvu kabla ya saa 24 kupita.

Kama unataka usalama zaidi, na kwa kioo mimi ningetaka, toboa kila kona kutoka nyuma matundu mawili ya milimita 6, yapangwe kimshazari, upigilie vigingi vya mti mgumu vyenye gundi. Weka alama ya utepe kwenye keekee ya drili ili usitoboe hadi mbele. Matundu mawili kwa kila kona yanatosha. Ukijaza matano unaudhoofisha ubao uliotaka kuutia nguvu.

Kuhusu mahali pa kukalia kioo. Kuchonga ngazi ya ndani kwa mkono ni kazi ngumu, na ikikutana na nusu kwa nusu unalazimika kusogeza bega la kiungo, mambo ambayo humvuruga anayeanza. Fanya hivi: fremu ikikauka, gandisha nyuma yake vipande vyembamba vya milimita 10 kwa 35, vilingane na ukingo wa nje. Kwa ndani itabaki ngazi ya milimita 10 pande zote, na kioo kitakaa humo. Vipande hivyo vipange vipishane na mistari ya kona inayoonekana nyuma, yaani kwa kuwa nyuma ya fremu kipande cha kulala ndicho kilichofika hadi mwisho, kati ya vipande vyembamba vile vya kusimama ndivyo vifike hadi mwisho. Hapo umepata ngazi na umeifunga kona mara ya pili kwa kazi moja. Kioo cha unene wa milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo chako kitakuwa na kilo 4 na nusu hivi, zote zikikalia kipande cha chini. Vibanio vya kuning'inizia fungia kwenye miimo, kamwe usifungie kwenye kipande cha juu. Na kioo kipewe nafasi ya milimita 2 kila upande, mbao zikisogea zisikibane.

Usinielewe kuwa viungo vingine havina kazi. Kona ya digrii 45 naipenda kwenye fremu nyepesi ya picha, hasa yenye nakshi inayozunguka bila kukatika. Kiungo kingine chochote kingeikata nakshi hiyo. Kichwa kwa ubavu, ukiongeza pembetatu ya plaiwudi kwa nyuma iliyopakwa gundi na kukazwa kwa skrubu, ni kona imara sana, na kwa fremu isiyoonekana, kama ile ya kutandikia turubai la kuchorea, sioni sababu ya kuhangaika na kitu kingine. Vijiti vya duara vilivyozamishwa kwenye vichwa ni vizuri iwapo una kiongozi cha kutobolea matundu yakae sambamba. Kwa jicho tu, matundu hupishana na fremu inapinda.

Na ukifika siku ya kutengeneza mlango au dirisha, kitu kinachofunguliwa na kufungwa kila siku, hamia kwenye ulimi na tundu, ambapo ulimi wa kipande kimoja unaingia kwenye tundu lililochongwa kwenye kingine. Ulimi uwe theluthi moja ya unene wa ubao. Kiungo hiki ni cha kale kuliko chuma: karibu na Leipzig, Ujerumani, vimefukuliwa visima vya mbao vya miaka 7,000 iliyopita, vilivyochongwa kwa zana za mawe, na baadhi ya mbao zake zimefungwa kwa ulimi na tundu. Kwa kazi ya nje badili na gundi pia. Gundi nyeupe ya kawaida ikilowa hulegea, kwa hiyo tafuta ya kuhimili maji, yenye alama ya D3 mahali panapolowa mara moja moja, na D4 mahali panaponyeshewa.

Ile fremu ya kwanza usiitupe. Mbao zake sasa zimekauka, na hilo peke yake lina thamani. Toa kioo, bandua kona, ng'oa misumari, ukate upya digrii 45 kwa kuondoa milimita chache. Itakuwa ndogo kidogo, hivyo iwekee picha badala ya kioo. Vichwa vipake gundi iliyozimuliwa kwa maji kidogo, usubiri dakika kama tano vinywe, kisha upake gundi kamili na uunge. Ikikauka, isimamishe fremu kwenye kona na ukate kwa msumeno mfereji unaopita kukingama kona kutoka nje, kina cha milimita 20 hivi. Chonga kipande chembamba cha mti mgumu kinachoingia humo kwa kubana kidogo, nyuzi zake zivuke mstari wa kona, zisiufuate. Kipake gundi, kisukume hadi mwisho, na kesho yake ukikate na kukilainisha sawa na ubavu wa fremu. Mkato mmoja kila kona unatosha kwa picha. Ukipenda kuweka miwili, iache milimita 5 kutoka kila uso.